Mahindi yaliyokataliwa ghalani huishia katika sufuria ya nani?

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka mavuno yanapokwisha, malori, pikapu na matrekta hupanga foleni nje ya maghala ya Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) katika jiji la Nakuru. Wakulima husubiri kwa subira, wengine wakiwa wameamka kabla ya jogoo kuwika. Zamu yao inapofika, mfanyakazi wa ghala hudunga gunia kwa chuma chembamba chenye uwazi ndani, akatoa punje kadhaa na kuzitia kwenye kifaa cha kupimia unyevu. Nambari ikizidi 13.5 kwa mia, gunia halipokelewi kama lilivyo. Punje zikiwa zimeoza au zimebadilika rangi, mambo ni hayo hayo.

Tuchukue mfano wa mama wa upande wa Njoro mwenye ekari mbili za shamba na watoto watatu shuleni. Amekodi pikapu ili alete magunia kumi. Sita yamepita, manne yamekataliwa kwa sababu ya ukungu. Yale sita tunajua yaendako. Je, haya manne yanaenda wapi?

Yeyote aliyelelewa mashambani katika Bonde la Ufa analijua jibu. Yanarudi nyumbani. Gunia moja litauzwa kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi asiye na kipimo, naye atalichanganya na mahindi mazuri. La pili litakuwa chakula cha kuku na ng'ombe. La tatu litamfikia mpika busaa. La nne litaanikwa tena, lisagwe kwenye posho mili ya jirani, na jioni watoto wawekewe ugali mezani.

Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Gunia la kilo 90 ni jasho la miezi mingi. Ni mbolea iliyokopwa, ni karo ya muhula ujao. Kumwambia mtu alitupe ni kama kumwambia avunje mguu wake mwenyewe. Hata hivyo, gunia lenye ukungu huenda limebeba sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa kukataliwa langoni. Huhama tu.

Vifaranga wa bata wa mwaka 1960

Wengi hudhani kwamba aflatoksini ni ugonjwa wa Ukambani. La hasha. Historia ya sumu hii ina ukurasa wake hapa hapa Bonde la Ufa.

Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza. Madaktari wa mifugo hawakuujua ugonjwa wenyewe, wakauita kwa herufi X. Mwaka huo huo, katika shamba la mlowezi mmoja hapa Bonde la Ufa, vifaranga wa bata wapatao 16,000 walikufa pia. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege wa pande zote mbili walikuwa wamelishwa chakula chenye njugu zilizoota kuvu.

Wanasayansi walipoifuata kuvu hiyo waligundua kwamba ni ya jamii ya Aspajilasi, ile ya rangi ya kijani kibichi au manjano ambayo huota juu ya punje kama vumbi laini. Kuvu yenyewe ni kiumbe tu kama uyoga. Balaa ni ile sumu inayoitema ndani ya punje. Kwa muda mfupi mno, kiasi kikubwa cha sumu hiyo huharibu ini. Kiasi kidogo kikiliwa mwaka nenda mwaka rudi, huleta saratani ya ini, na ndiyo sababu shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika orodha ya vitu ambavyo havina shaka kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huwa hatarini zaidi, kwa maana maadui wawili hulishambulia ini moja. Ndiyo sababu chanjo ya homa hiyo, ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakidungwa tangu 2001, ni kinga hata dhidi ya madhara ya mahindi mabovu.

Yaliyotokea 1981 na 2004

Katika mwaka 1981, watu 20 walilazwa hospitalini Machakos wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyofura. 12 kati yao walikufa. Majumbani mwao palipatikana mahindi yaliyoota kuvu.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja 2004. Katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kufikia Julai. Wachunguzi walikusanya mahindi kutoka masoko 65 ya eneo hilo. Zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu iliyozidi sehemu 20 kwa kila bilioni, ambayo ndiyo ilikuwa kikomo cha wakati huo. Saba kati ya kila mia zilizidi sehemu 1,000.

Chanzo chake chafaa kumshtua kila mkulima, kwa sababu hakikuwa cha ajabu. Mvua ilinyesha wakati usio wake na kuyakuta mahindi yangali shambani. Njaa ilikuwa karibu na wezi walikuwa wengi, kwa hiyo watu wakavuna mahindi mabichi na kuyaweka ndani ya nyumba, mahali ambapo hapakuwa na hewa wala jua. Kuvu ikapata ilichotaka: joto, unyevu na muda.

Sasa tazama Bonde la Ufa. Mahindi yetu mengi huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, wakati mvua za vuli zinapoanguka. Mvua za El Niño za 1997, na zile za mwisho wa 2023, ziliwakuta wakulima wengi mahindi yao yakiwa bado shambani. Sehemu za juu kama Molo na Elburgon ni baridi na zina ukungu wa asubuhi. Mahindi huchelewa mno kukauka. Sehemu za chini kama Rongai, Solai na kuelekea Mogotio zina joto, nalo joto ndilo rafiki wa Aspajilasi. Kwenye baridi, kuvu nyingine iitwayo Fusari hupenda mahindi na ngano, na ina sumu zake, mojawapo ikiwa fumonisini. Kwa ufupi, hakuna upande wa bonde unaoweza kusema hayo hayanihusu.

Isitoshe, mahindi hayakai mahali yalipovunwa. Nakuru ni njia panda. Lori linalotoka kaskazini au mpakani hupita hapa kuelekea viwanda vya unga, na gunia baya halina kitambulisho cha kijiji.

Jicho na sufuria havitoshi

Akina mama wengi hujipa moyo kwa mambo mawili. La kwanza, husema watayachagua kwa macho. La pili, husema moto unaua kila kitu.

Kuchagua kunasaidia sana. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na fukusi na zilizovunjika ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Mtu anayeketi na ungo na kuziondoa moja moja hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Lakini kupunguza si kumaliza. Punje yaweza kuonekana nzima na huku kuvu iko ndani, karibu na kiini. Pia kuvu yaweza kufa kwa jua na kupukutika, sumu yake ikabaki. Ndiyo maana mahindi yaliyooza hayasafiki kwa kuanikwa mara ya pili au kupakwa dawa ya fukusi. Dawa ile huua wadudu peke yao.

Kuhusu moto, ukweli ni mchungu. Aflatoksini hustahimili joto la jikoni. Chemsha githeri saa nne, songa ugali hadi ushikane, choma mahindi juu ya makaa, sehemu kubwa ya sumu itabaki pale pale. Wala haina harufu ya kukuonya, na ladha ya uchungu ambayo wengine huitegemea haiaminiki.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Sheria ya ubora wa bidhaa nchini Kenya huruhusu sehemu 10 tu za aflatoksini kwa kila bilioni. Katika gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja, karibu uzito wa punje mbili tatu za sukari. Hakuna jicho linaloweza kuliona hilo.

Chupa, chumvi na subira

Basi mkulima afanye nini? Habari njema ni kwamba mahali pa kuishinda sumu hii ni kabla haijazaliwa, na silaha ya kwanza inapatikana jikoni.

Kuvu hutaka unyevu. Mahindi yakikaushwa hadi asilimia 13.5, haina namna ya kukua. Mwenye mita ya kupimia unyevu na aitumie. Asiyekuwa nayo achukue chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyo kavu kabisa. Atie mahindi hadi thuluthi ya chupa, kisha aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Chumvi yenyewe ianikwe kwanza juani, maana yenye unyevu itadanganya. Afunge chupa, aitikise kwa dakika moja, kisha aiache itulie kwa robo saa.

Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na yasiingie ghalani. Chumvi ikiteremka yote chini na chupa ikabaki safi, unyevu ni chini ya 15. Hata hapo usikimbilie kujaza magunia. Yaongezee siku mbili za jua kali, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 bado kuna nafasi ya kuvu kupumua. Kumbuka pia kwamba chupa hii hupima maji, si sumu. Mahindi yaliyooza juzi na kukauka leo yatapita mtihani wa chumvi vizuri sana.

Hatua nyingine si ngeni, ila wengi huzipuuza kwa haraka. Vuna mara mahindi yakomaapo. Usirundike magunzi ardhini. Yatandaze juu ya turubai. Mapukuchuo yasiwe ya kupiga kwa fimbo ndani ya gunia, kwa sababu punje iliyovunjika ni mlango wazi kwa kuvu. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na paa lisivuje.

Mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani na gunia la kawaida nje, imesaidia wengi. Fukusi hukosa hewa wakafa bila dawa. Lakini mfuko huo si mashine ya kukaushia. Ukifunga mahindi mabichi ndani yake, umefungia unyevu.

Kuna pia kinga ya shambani. Wanasayansi waligundua kwamba Aspajilasi si zote zenye sumu. Walichagua aina nne za hapa Kenya zisizotema sumu, wakaziweka juu ya punje za mtama zilizouawa zisiweze kuota, na bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe KE01. Ilisajiliwa nchini 2015, na kiwanda chake kiko Katumani, Machakos. Mkulima hunyunyiza kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu njema huitangulia ile mbaya na kuinyima nafasi. Ni sawa na kumweka mpangaji mwema ndani ya nyumba kabla mlevi hajaivamia.

Kwa nini kupima ni kazi ngumu

Wasomaji wengi watauliza: kwa nini basi kila gunia lisipimwe sumu yenyewe?

Vipimo vipo. Katika maabara kubwa kuna mitambo inayosoma kiasi cha sumu kwa usahihi mkubwa. Kwenye viwanda vya unga na maghala makubwa hutumika vitepe vya kupima haraka. Mahindi husagwa, unga huchanganywa na spiriti ili sumu itoke, kitepe huchovywa, na baada ya dakika chache mistari hujitokeza kama ile ya kupimia mimba. Mashine ndogo husoma mistari hiyo na kutoa nambari.

Taabu kubwa iko katika kuchota sampuli kuliko katika kitepe. Sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia kama chumvi ndani ya mchuzi. Hujificha katika punje chache. Punje moja iliyoharibika vibaya huweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo kadhaa za mahindi safi. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia, waweza kuikosa kabisa na kujidanganya kwamba uko salama. Ndiyo sababu wapimaji hudunga gunia mahali pengi, juu, katikati na chini, wakachukua kilo kadhaa, wakazisaga zote pamoja kabla ya kupima.

Gharama nayo haimfai mkulima wa magunia kumi akiwa peke yake. Lakini wakulima 40 wa chama kimoja cha ushirika wanaweza kununua mita ya unyevu kwa pamoja, wakakodi mashine ya kukausha, wakapeleka sampuli moja iliyochotwa ipasavyo. Serikali nayo ilianza kugawa mashine za kukausha zinazohamishika mwaka 2023. Chama kisichouliza mashine ya eneo lake iko wapi kitaendelea kutegemea jua la Desemba.

Tusidhani kwamba unga wa pakiti umeepukana na haya. Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi zilizojulikana sana madukani, kwa sababu ya aflatoksini iliyozidi kipimo. Na Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikaruhusu yaingie kwa masharti. Kiwanda hakiwezi kusaga unga safi kutoka kwa mahindi machafu. Mwanzo wa pakiti ni turubai la mkulima.

Sumu inayopitia kwa ng'ombe

Turudi kwa yale magunia manne ya mama wa Njoro. Lile la mifugo ndilo huonekana kuwa halina hatia, maana watu husema ng'ombe ana matumbo manne.

Ng'ombe wa maziwa akila mahindi yenye aflatoksini, sehemu ya sumu hubadilika mwilini na kutoka kupitia kiweleni. Hutokea kwenye maziwa kabla ya siku mbili kwisha. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake alimwepusha na ugali mbaya hukutana na sumu ile ile katika kikombe cha chai. Kuku nao hudumaa, hupunguza kutaga na kufa, na vifaranga wa bata ndio wanyonge kuliko wote, kama mlowezi yule alivyojionea mwaka 1960. Busaa nayo haiisafishi nafaka mbovu.

Iliyobaki basi ni njia ambayo hakuna anayetaka kuisikia: mahindi yaliyooza yazikwe au yateketezwe. Tusimhubirie mama huyu tu na kumwacha. Mwaka 2004 viongozi hawakuwaambia watu watupe mahindi na kukaa njaa. Chakula salama kilipelekwa ili kishike nafasi ya kile kibovu. Funzo hilo lafaa hata kijijini. Chama cha akina mama kinachochangiana sufuria na blanketi kinaweza kumchangia mwenzao magorogoro kadhaa ya mahindi safi anapozika gunia lake. Asiyekuwa na kitu cha kula hatazika chochote.

Na wanaume nao wasione haya ni mambo ya jikoni. Mara nyingi mzee ndiye huamua siku ya kuvuna, ndiye huuza magunia mazuri na kuacha nyumbani yale ambayo mnunuzi ameyakataa. Ni desturi ya miaka mingi: kizuri huenda sokoni, kibaya huliwa na wenye nyumba. Msimu huu, kabla pikapu haijapakiwa, watengeeni watoto magunia yao kutoka kwenye fungu lililo bora, yaliyopita mtihani wa chumvi na kuchaguliwa kwa ungo. Yatakayobaki ndiyo yapelekwe langoni yakapimwe.